Mbegu ya Jirani

Somo letu latoka kitabu cha Danieli, sura ya 1, mstari wa 8 hadi wa 16.

Danieli na wenzake watatu walikuwa mateka huko Babeli. Walipoandaliwa chakula cha mfalme, wao waliomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji tu. Siku zilipotimia, walionekana wenye afya kuliko vijana wote waliokula chakula cha mfalme.

Nasi hapa Kibugu, chini ya Mlima Kenya, tunazo mboga zetu: terere, managu na majani ya malenge. Lakini chai na kahawa zimejaza mashamba, na kando ya nyumba tumepanda sukuma wiki na kabichi. Managu ikiota yenyewe, kijana huing'oa akidhani ni magugu.

Akina nyanya hawafanyi hivyo. Huacha mashina machache mazuri bila kuyachuma mpaka matunda yaive. Kisha huyaponda majini, huosha mbegu, huzianika kivulini, na kuziweka katika kibuyu pamoja na majivu ili wadudu wasiziharibu.

Lakini mbegu ikikaa miaka mingi bila kupandwa, hufa humo kibuyuni. Tena ukame ukiharibu shamba moja, mbegu yote hupotea, isipokuwa jirani awe alipewa kidogo. Kwa hiyo anayegawa ndiye anayeweka akiba.

Sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 iliwatia hofu wakulima: kumuuzia au kumgawia mwenzako mbegu isiyothibitishwa kungeweza kukuletea kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Basi sasa kazi imebaki mikononi mwetu. Mama, mpe mkaza mwana wako konzi ya mbegu, na umwonyeshe jinsi ya kuzipanda. Nawe kijana, kabla hujapalilia, muulize nyanya yako jina la kila jani. Siku atakapoondoka hutakuwa na wa kumwuliza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa mche utoao mbegu, utupe na mkono wa kugawa. Amina.