KUTOA KWA MOYO WA FURAHA

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Wang'uru



Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii baada ya kusomwa kwa hesabu za mwaka. Mmezoea kunisikia nikitaja majina na tarakimu. Leo nimeombwa niseme machache juu ya kutoa kwa ukarimu na kwa furaha, kama impasavyo Mkristo. Mimi si mchungaji, lakini nimekubali kwa kuwa liko jambo lililonikaa moyoni, nami sina budi kuliungama mbele yenu.

Katika mchango mmoja wa kumsaidia mwenzetu aliyefiwa, nilisoma orodha kama ilivyo desturi yetu, tangu aliyetoa nyingi hata aliyetoa kidogo. Jina la mwisho lilikuwa la mama mmoja mjane, anayeishi kwa vibarua vya kupanda na kupalilia mpunga katika mashamba ya wengine. Nilipotaja kiasi chake, kicheko kidogo kilisikika nyuma. Sikusema neno, niliendelea kujumlisha. Mama yule hakuja katika mkutano uliofuata, wala katika ule wa baada yake. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia kwa upole: "Karani, zile zilikuwa fedha za siku mbili za kuinama majini. Nilizileta kwa furaha, nikarudi nyumbani na aibu."

Ndugu zangu, maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu vyangu vyote vya hesabu.

Sote twaijua habari ya mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la Hekalu, iliyomo katika Marko, sura ya 12. Matajiri walitia nyingi, lakini Bwana Yesu alihesabu kwa kipimo kingine: hakutazama kilichoingia sandukuni tu, bali alitazama pia kilichobaki mkononi mwa mtoaji. Habari hiyo twaisikia kanisani Jumapili na kuitikia Amina. Kisha twaja hapa chamani, nasi twamweka mjane wetu mwishoni mwa orodha.

Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho juu ya mchango wa maskini wa Yerusalemu, aliwapa mfano wa makanisa ya Makedonia, ambayo yenyewe yalikuwa katika umaskini. Katika sura ya 9 ya waraka wake wa pili afundisha kwamba kipawa chapaswa kutoka katika nia ya mtu mwenyewe, si katika shuruti. Na neno la Kiyunani alilolitumia kumtaja mtoaji apendwaye na Mungu ni hilaros, yaani mtu mwenye uso uliochangamka.

Sisi watu wa Mwea twapaswa kulielewa fundisho hilo upesi kuliko wengine. Mifereji ya kwanza ya mashamba haya ya mpunga ilichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliotumiwa kuichimba walikuwa mahabusu. Maji yalipita, na mpunga ukamea. Lakini ni nani kati yetu awezaye kuiita kazi ile kipawa? Jasho lililotolewa kwa shuruti laweza kujaza mfereji, wala haliwezi kumfurahisha aliyelitoa.

Hata hivyo, kando ya mifereji hiyo hiyo tumeona kutoa kwa namna nyingine. Kabla ya Bwawa la Thiba kuzinduliwa mwaka 2022, maji ya mito yalipopungua na zamu zikawa ngumu, walikuwako watu waliofunga mlango wa maji wa shamba lao kabla ya zamu kwisha, ili miche ya jirani wa chini isikauke. Hakuna karani aliyeandika majina yao. Jirani peke yake alijua, na Mungu.

Msidhani kwamba nalaumu michango ya hadhara. Mzee Jomo Kenyatta alipotuita kwa neno Harambee siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, nchi ilipata shule na zahanati nyingi kwa mikono ya watu wake. Hapa jirani, Nyeri, wakulima wa kahawa walitoa sehemu ya mapato yao katika miaka ya 1970 ili kianzishwe Chuo cha Ufundi cha Kimathi. Leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka 2012. Lakini jambo hilo jema liliharibiwa na wale waliotoa ili wasifiwe, au walioomba kwa nguvu ya cheo, hata Sheria ya Maadili ya mwaka 2003 ikabidi iwakataze watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kukusanya michango.

Najua wako watakaoniuliza: "Karani, majina yasiposomwa, nani atatoa? Tena tutajuaje kwamba fedha hazikuliwa?" Swali la kwanza lahusu mioyo yetu, na kila mtu ajijibu mwenyewe. La pili ni la haki kabisa. Paulo mwenyewe hakuibeba fedha ile peke yake; alituma watu walioaminika pamoja na Tito, ili asipatikane wa kunung'unika juu ya matumizi yake. Furaha ya mtoaji yataka hesabu safi ya mpokeaji.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mashauri matatu. Kwanza, katika michango ya misiba na magonjwa isomwe jumla tu, na kiasi cha kila mtu kisitajwe mkutanoni wala kusambazwa kwa simu. Pili, kila mtoaji apewe stakabadhi yake, na wanachama wawili wasio wa kamati wakague daftari kila robo ya mwaka. Tatu, asiye na fedha aweze kutoa debe la mpunga, au siku ya kazi, nacho kiandikwe kwa heshima ile ile.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama yule nimekwisha kumwomba radhi kwa niaba yangu mwenyewe. Kwa niaba ya chama siwezi. Jambo hilo liko mikononi mwenu. Mkiyakubali mashauri haya leo, mimi nitakwenda kwake jioni hii kumwambia kwamba kiti chake kinamngoja.