Programu Ikiganda, Tusikimbilie Swichi



Haja nyingi tunazopeleka serikalini siku hizi hupitia kwenye kompyuta: leseni ya biashara katika mfumo wa Tausi, cheti cha kuzaliwa cha RITA, maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Wengi wetu hatuna mashine nyumbani, hivyo huwaendea vijana wenye steshenari kando ya barabara iendayo Musoma. Huko kompyuta moja huweza kubeba kazi za watu watatu kwa wakati mmoja. Barua ya mmoja imefunguliwa, fomu ya mwingine imefika nusu, picha za wa tatu zinangoja kuchapwa. Programu moja ikiganda, mkono hukimbilia swichi, na hata asiyehusika hupoteza kazi yake.

Maandishi ambayo hayajahifadhiwa hukaa katika kumbukumbu ya muda, na hiyo hufutika mashine inapozimwa. Lakini programu moja kuganda si kompyuta nzima kuganda.

Tusubiri kwanza dakika mbili au tatu, kwa kuwa huenda programu inangoja diski au mtandao tu. Wakati huo mhudumu ahamie kwenye kazi nyingine zilizo wazi na kuzihifadhi kwa Ctrl na S. Iliyoganda isipoamka, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itaonyesha orodha ya programu zinazofanya kazi. Aichague iliyoganda, kisha abofye "End task". Itafungwa hiyo peke yake. Majina asiyoyafahamu asiyaguse, maana mengine ni ya mfumo wenyewe.

Ikiwa ni ukurasa mmoja wa Chrome uliokwama, Shift na Esc hufungua orodha ya Chrome yenyewe, na ukurasa huo huweza kusimamishwa huku nyingine zikibaki. Ikiwa ni barua ya Word, tuifungue programu upya: kwa kawaida Word hujiwekea nakala kila baada ya dakika 10, na huileta mbele yetu.

Penye malipo pana hatari zaidi. Ukurasa ukiganda baada ya kubofya kitufe cha kutuma, tusijaze ombi la pili papo hapo. Tuingie upya katika akaunti na kutazama kama ombi limepokelewa, au kama kumbukumbu namba ya malipo imekwisha kutoka.

Kielekezi kisipotembea kabisa, na Ctrl, Alt na Delete zisiposaidia, hapo ndipo kitufe cha kuzimia hushikiliwa. Mteja naye ana haki ya kusema, "Tafadhali kijana wangu, hifadhi kwanza kazi za wenzangu." Si utovu wa adabu.