Nani Ameshika Mshahara wa Profesa?

Barabara ya Uxbridge, magharibi mwa London, inaanzia Shepherd's Bush, inapita Ealing, Hanwell na Southall, kisha inaingia Hayes kabla ya kufika Uxbridge yenyewe. Abiria wa basi la 207 wanaijua kwa foleni. Mhadhara huu unaifuata kwa sababu nyingine: kando yake zipo habari za uhuru wa kitaaluma ambazo hazipatikani katika ibara za katiba.

Hapa Hayes, katika Church Road, lipo jengo ambalo sasa ni hoteli na zamani lilikuwa shule ndogo ya binafsi ya wavulana, The Hawthorns. Aprili 1932 aliajiriwa hapo mwalimu mrefu, mwembamba, aitwaye Eric Blair. Januari mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake juu ya maisha ya ufukara Paris na London, na juu ya jalada hapakuwa na Blair bali George Orwell. Wasomaji wa Kiswahili walimjua kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Sababu inayotajwa sana ya kubadili jina ni kwamba hakutaka kuiaibisha familia yake. Sawa. Lakini mtu aliyesimulia jinsi alivyoosha vyombo hotelini na kulala katika malazi ya mafukara, huku akifundisha watoto wa wazazi wanaolipa ada, alikuwa na sababu ya pili hata kama hakuitaja. Mwajiri naye husoma vitabu.

Ukirudi nyuma hadi West Ealing, unafika palipokuwa na duka la vitabu la Jessica na Eric Huntley, wahamiaji kutoka Guyana. Shirika lao la uchapishaji, Bogle-L'Ouverture, lilizaliwa kutokana na kisa cha mhadhiri mmoja. Oktoba 1968 Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia Jamaica, alisafiri kwenda mkutano wa waandishi Weusi mjini Montreal. Aliporudi Kingston alizuiwa kushuka kwenye ndege. Chuo hakikuwa kimemfukuza, wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Serikali ilifunga mlango tu, na kesho yake mji ukalipuka kwa maandamano. Mihadhara aliyokuwa akiwapa watu wa mitaani wa Kingston ikachapishwa London mwaka 1969, na hicho kikawa kitabu cha kwanza cha shirika hilo.

Rodney alikwenda Dar es Salaam, alikowahi kufundisha mwaka 1966. Huko nako hakukaa kimya. Desemba 1969 alitoa hotuba kuhusu mapinduzi ya Afrika, na gazeti la chama tawala, TANU, liitwalo The Nationalist, likamkemea kwa tahariri kali. Akaandika jibu, likachapishwa. Akaendelea kufundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi 1974, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatolewa kwa pamoja na Tanzania Publishing House na Bogle-L'Ouverture. Kemeo lilikuwa kali, lakini halikugusa kitumbua chake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Mlimani kulikuwa peponi. Chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, na jarida lake Cheche vilipigwa marufuku Novemba 1970. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alichukuliwa na polisi chuoni na kurudishwa kwao. Profesa mgeni mwenye jina alivumiliwa. Kijana mgeni hakuvumiliwa. Na Rodney mwenyewe, aliporudi Guyana mwaka 1974, alikuta kazi ya uprofesa aliyokuwa ameahidiwa imefutwa kwa shinikizo la serikali.

Nairobi walitumia njia ile ile, ila kwa subira zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Alikaa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Alipoachiwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Serikali ilimtoa gerezani. Ofisi ya utumishi ikaendeleza adhabu. Mwaka 1982 akabaki uhamishoni London, ambako yeye na Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa kwa kuandika kijikaratasi cha kuipinga serikali ya Jomo Kenyatta, walijiunga na wenzao kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiwe.

Walioyaonja hayo ndio walioandika vizuri kuhusu dawa yake. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huo wasomi wa Afrika wakapitisha la Kampala. Azimio la Kampala halikuishia kwenye uhuru wa kusema. Linataka mwalimu asifukuzwe ila kwa kosa kubwa, uzembe au kushindwa kazi kulikothibitishwa, baada ya kusikilizwa na chombo kilichochaguliwa na wanataaluma wenyewe. Linataka pia msomi aweze kutoka nchini kwake na kurudi bila kuzuiwa. Anayekijua kisa cha Rodney, ingawa yeye alizuiwa katika nchi aliyofanyia kazi, si kwao, haulizi kifungu hicho ni cha nini.

Mwisho wa barabara ni Uxbridge, kwenye Chuo Kikuu cha Brunel. Novemba 2015 mwandishi Katie Hopkins, anayejulikana kwa kauli za uchokozi, alialikwa huko kwenye mjadala. Wanafunzi wengi wakasimama, wakampa mgongo na kutoka. Magazeti hupenda visa vya namna hiyo. Lakini mgeni mwalikwa hupanda gari akaenda zake, na kesho ana kazi yake. Mwenye mkataba wa chuo ndiye anayehitaji ulinzi.

Sheria ya Uingereza ilililenga hilo tangu 1988: mwanataaluma aweze kuhoji yaliyozoeleka na kutoa maoni yasiyopendwa bila kuhatarisha ajira yake. Sheria ya 2023 iliongeza meno. Kando ya sheria hiyo, mwaka 2025 msimamizi wa vyuo alikitoza Chuo Kikuu cha Sussex faini ya pauni 585,000, baada ya uchunguzi ulioanzia kwenye kisa cha Profesa Kathleen Stock, aliyejiuzulu 2021 baada ya maandamano dhidi ya maoni yake kuhusu jinsia. Chuo kikaipinga mahakamani.

Pamoja na meno yake, sheria hiyo haikugusa viza. Mhadhiri kutoka Mombasa au Kampala anayefanya kazi Uingereza kwa kibali cha mwajiri, ajira yake ikikoma, chuo hulazimika kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa kawaida mhadhiri hupewa siku 60 kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka. Rufaa inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Chama cha wahadhiri, UCU, kingeweza kudai jambo moja katika mikataba: pale ambapo shauri linahusu maneno ya mwanataaluma, ajira isihesabiwe kuwa imekoma, na taarifa isipelekwe wizarani, hadi rufaa ya mwisho ndani ya chuo iamuliwe.