"Wao Hutunzana Wenyewe": Sentensi Fupi Inayoiokolea Serikali Pesa

1/ Wadau, uzi wa leo ni maneno niliyozungumza kwenye mjadala wetu wa wanafunzi wa sayansi ya siasa. Nimeyakata vipande yasomeke kwa simu. Kanuni ni zile zile: hatutaji chama wala mwanasiasa. Tunachambua hoja.

2/ Hoja ya leo mmeshaisikia kwenye midahalo. Mtu anasimama, anauliza serikali itawasaidiaje wanaouguza wazee na wagonjwa nyumbani. Jibu linakuja haraka: "Sisi Waafrika hatutupi wazee wetu. Familia zetu hutunzana." Ukumbi unapiga makofi, swali linafia hapo.

3/ Nataka tuifuate sentensi hiyo hadi Uingereza, kwa sababu kule inatoka upande wa pili. Inasemwa ndani ya mfumo wa afya na ustawi wa jamii, na wanaosemwa ni Weusi, Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi: "Wao hutunzana wenyewe." Watafiti wa huko wameikosoa kwa miaka mingi, na bado haijaisha.

4/ Tuelewane tunamzungumzia nani. Ni binti anayemwosha babake aliyepooza. Ni mume anayeamka usiku kumpa mkewe dawa. Ni mtoto wa shule anayemtafsiria mamake mbele ya daktari. Hawana mshahara. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama hao takriban milioni 5 England na Wales.

5/ Rangi inaingiaje? Inaanzia kwenye kuhesabu. Sensa ya huko ilianza kuuliza watu asili yao mwaka 1991. Swali la kutunza mgonjwa bila malipo likaja 2001. Kwa hivyo kabla ya hapo, sensa haingeweza kukuonyesha ni jamii gani inabeba mzigo gani. Na kitu ambacho hakijahesabiwa ni vigumu sana kukipigania kwenye bajeti.

6/ Hata ukihesabu, kuwa makini. Katika sensa ya 2011, Waingereza weupe ndio waliokuwa na asilimia kubwa zaidi ya watunzaji. Mtu wa haraka atasema, "Mnaona? Hakuna tatizo la rangi." Lakini jamii hiyo ina wazee wengi, na jamii nyingi zenye asili ya uhamiaji bado ni changa. Halafu angalia saa. Kati ya wanaotunza saa 50 au zaidi kwa wiki, asilimia kubwa zaidi ilikuwa ya jamii inayoandikwa Gypsy au Irish Traveller, watu wachache waliobaguliwa kwa vizazi. Sensa ni moja, lakini jibu linategemea umeuliza nini.

7/ Kuna tatizo la neno pia. Mwendee mama wa Kikenya, umuulize kama yeye ni "mtunzaji". Atakushangaa. Atakwambia, "Namuuguza mume wangu," basi. Kwake hiyo ni ndoa, haina jina la kazi. Watafiti wamekutana na jambo hilo hilo kwa familia za Kiasia Uingereza. Fomu ikiuliza "wewe ni mtunzaji?", anajibu hapana, na msaada unampita.

8/ Sasa tazama mduara unavyozunguka. Ofisi inadhani jamii fulani hutunzana yenyewe. Kwa hivyo haiwapelekei habari kwa lugha yao, wala haiajiri wakalimani wa kutosha. Watu hawaji. Mwisho wa mwaka ofisi inaangalia daftari lake, inaona majina machache, inasema: "Si tulisema? Hawahitaji." Yaani kukosa huduma kunageuzwa kuwa ushahidi kwamba huduma haitakiwi.

9/ Kwenye karatasi mambo ni sawa. Sheria ya utunzaji ya 2014 inampa kila mtunzaji mtu mzima England haki ya kufanyiwa tathmini ya mahitaji yake mwenyewe. Lakini haki hiyo inamfaa anayeijua, anayeweza kuiomba kwa Kiingereza, na asiyeogopa kwamba afisa akiingia nyumbani atamletea balaa. Sheria haikutaja rangi popote. Utekelezaji ndio unaochuja watu.

10/ Tuje kwa pesa. Tangu Aprili 2025 posho ya mtunzaji ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na lazima utunze angalau saa 35. Gawanya: ni kama pauni 2.38 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa watu wazima kilikuwa 12.21. Tena kwa kila mgonjwa analipwa mtu mmoja tu. Ndugu watatu wakigawana zamu za kumuuguza mama, vile sisi hufanya, wawili hawapati kitu.

11/ Halafu viza. Wahamiaji wengi wanapewa viza yenye sharti la kutogusa fedha za umma, na posho hii imo kwenye orodha hiyo. Wakenya, hapa tunaguswa. Februari 2022 viza ya wahudumu wa afya ilifunguliwa kwa wafanyakazi wa kutunza wazee, na watu wetu walienda. Sasa fikiria dada analipwa mchana kumwosha mama wa mtu. Akirudi nyumbani amkute mumewe ameshikwa na ugonjwa wa kudumu, atamtunza, lakini posho haimhusu. Kodi analipa kama kawaida.

12/ Mtu ataniambia, "Lakini wanafanya kwa mapenzi." Ni kweli, na mapenzi hayo yamewahi kutumika kuwanyima watu haki waziwazi. Posho hii ilipoanza mwaka 1976, wanawake walioolewa hawakuruhusiwa kuipata, kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliacha kazi kumtunza mamake, akanyimwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1986 Mahakama ya Ulaya ikamuunga mkono na sheria ikabadilika. "Wangefanya hata hivyo" na "wao hutunzana wenyewe" ni hoja ya ukoo mmoja.

13/ Turudi nyumbani, maana sentensi hii ina historia ya rangi hapa hapa Kenya. Wakati wa ukoloni, mshahara wa Mwafrika mjini ulipangwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Mke, watoto, wazee, na yeye mwenyewe akiugua, wote waliachiwa shamba la kijijini. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika mwaka 1954, ilikiri kwamba mshahara huo haukutosha familia na ikapendekeza ubadilishwe. Kwa hivyo "kijiji kitawatunza" ilikuwa njia ya mwajiri kupunguza gharama. Gharama yenyewe ilibebwa na mwanamke Mwafrika, bila senti.

14/ Na leo? Utafiti wa serikali wa matumizi ya muda wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na utunzaji usiolipwa. Familia inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikibahatika kuandikishwa Inua Jamii, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Piga hesabu ya nepi za watu wazima pekee, uone zinafika wapi.

15/ Sijasema tuache kutunza wazee wetu. Fahari hiyo ni ya kweli, nami ninayo. Ninachosema ni kwamba sifa haijazi sufuria. Anayesifu familia jukwaani huku hana hata shilingi aliyoitengea familia hiyo kwenye bajeti, amewaachia bili akaondoka na makofi.

16/ Kwa hivyo mdahalo ujao, wa chama chochote, ukisikia "familia zetu hutunzana", uliza haya manne:
– Ni nani hasa ndani ya familia, na kwa saa ngapi?
– Mmewahesabu kaunti kwa kaunti, na kwa swali ambalo mama wa kijijini anaelewa?
– Aliyeacha kazi kuuguza anapata nini, na ndugu wakigawana zamu?
– Ni nani anayeachwa nje na masharti yenu, hata kama sheria haimtaji?

17/ Nikamalizia kwa kuwashukuru waliokaa hadi saa mbili usiku. Kama unamuuguza mtu nyumbani, tuambie hapa chini ni saa ngapi kwa wiki. Majina usitaje.