Mpaka wa Busia na Usalama wa Mataifa Mawili

Katika mawazo ya watu wengi, usalama wa taifa ni kazi ya askari na silaha. Mawazo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Ushahidi uko Busia, na vilevile Malaba katika Wilaya ya Tororo, ambako misururu ya malori huingia Uganda kutoka Kenya. Mengi yamebeba petroli na dizeli. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake hupitia bandari ya Mombasa na kuvuka mpaka katika miji hiyo miwili. Njia hiyo ikizibwa kwa siku chache tu, magari na viwanda vya nchi nzima huweza kusimama bila ya risasi hata moja kufyatuliwa.

Historia imekwisha kulithibitisha jambo hilo. Mwezi Februari 1976, Idi Amin alidai kwamba eneo kubwa la magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, kwa hoja kwamba Waingereza walilihamisha mwaka 1902. Kenya ililikataa dai hilo katakata. Mwezi Julai, baada ya makomandoo wa Israel kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, uhusiano ulizidi kuharibika na Kenya ikabana upelekaji wa mafuta. Amin alikuwa na vifaru, lakini vifaru haviendi bila ya mafuta. Mwezi Agosti pande zote mbili zilifikia mapatano mjini Nairobi.

Funzo hilo lilisahauliwa upesi. Mwezi Desemba 1987 askari wa nchi hizo walipigana hapo hapo Busia. Watu walikufa na mpaka ukafungwa. Walioumia kwanza walikuwa wananchi wa kawaida, wakiwamo Wasamia na Wateso, ambao ndugu zao wako pande zote mbili. Kabla ya mwaka kwisha, Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walikutana Malaba kuituliza hali.

Wala si vita peke yake viwezavyo kuiziba njia hiyo. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliifanya Uganda iadimikiwe na mafuta. Mwezi Januari 2022, madereva wa malori waligoma kwa sababu ya masharti ya kupimwa UVIKO-19, na bei ya petroli nchini Uganda ikapanda ghafla.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba Uganda ndiyo peke yake imtegemeayo jirani. Kwa miaka mingi Kenya imenunua umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, kwa nyaya zipitazo Tororo. Ukame ulipochangia kuyashusha maji ya Ziwa Victoria katika miaka ya 2005 na 2006, Uganda yenyewe ililazimika kugawa umeme kwa zamu. Mvua na ukame havitambui mipaka.

Hatua za busara zimeanza kuonekana. Februari 2018, kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Busia. Mwaka 2023, Uganda ilipoamua kununua mafuta moja kwa moja kutoka ng'ambo bila ya kupitia makampuni ya Kenya, ulizuka mgogoro uliofikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Mazungumzo yaliumaliza, na mwezi Julai 2024 utaratibu mpya ukaanza. Mgogoro ambao zamani ungeleta askari mpakani safari hii uliwaleta wanasheria. Hayo ni maendeleo makubwa.

Hata hivyo, mapatano hayatoshi peke yake. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Matangi ya akiba yaliyoko Jinja yana maana yakiwa yamejaa. Yakiwa matupu ni chuma tu. Taifa lenye akiba huweza kuzungumza na jirani bila ya hofu wala hasira, na huo ndio ulinzi imara wa mpaka wa Busia, kwa Uganda na kwa Kenya pia.