Nyeupe Haiko Moja: Namna ya Kupata Rangi Inayofanana na Gari

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, Bunia



Munajua vijana wetu waliorudi kutoka Uganda wanatengeneza magari ndani ya parsele. Juzi walinyoosha mlango wa Toyota moja nyeupe. Rangi ilinunuliwa na feza ya sanduku yetu ya akiba. Walipuliza jioni, chini ya taa, wakaona iko sawa. Asubuhi jua ilipotoka, mlango ulikuwa mweupe kama karatasi, na gari yenyewe kama unga wa muhogo. Mwenye gari alikataa kumaliza malipo. Alikuwa na haki.

Kosa ilikuwa yetu sisi tunaowafundisha. Tuliwaambia tu: "Nunueni nyeupe." Kumbe nyeupe ziko nyingi! Njo maana leo tunaeleza vizuri.

Kwanza, tafuteni numero ya rangi. Kwa Toyota nyingi iko kwenye kibati kidogo, chini ya kapo ao kwenye nguzo ya mlango, pembeni ya herufi C/TR. Mukisoma 040, hiyo ni nyeupe moja ya Toyota inayojulikana sana. Muuzaji mumupe numero, si jina la rangi.

Pili, numero peke yake haitoshi. Inasema rangi gari ilitoka nayo kiwandani. Haijui miaka ya jua na vumbi nyekundu ya kwetu. Osheni gari, mupige polishi sehemu iliyo jirani na mlango. Hapo mutaona rangi yake ya kweli.

Tatu, jaribuni kwanza kwenye kipande cha bati. Kikauke kabisa, maana rangi mbichi inadanganya. Kama gari iko na verni, hata kipande mukipake verni. Halafu mukiweke juu ya gari, nje, mchana. Si chini ya taa, wala chini ya bashi ya bluu, maana bashi inarusha rangi yake. Kama rangi ni metalize, mutazame kutoka mbele na kutoka pembeni: inaweza kufanana upande mmoja na kuachana upande mwingine.

Nne, mukirekebisha, tieni tone kwa tone. Kuongeza nyeusi ni rahisi, kuiondoa haiwezekani. Na muchanganye ya kutosha kazi yote mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili ni vigumu kulingana na wa kwanza.

Tano, afya. Rangi ya kuchanganya na dawa ya kukaza inaumiza mapafu, na kitambaa mdomoni hakizuii. Musipulize karibu na watoto ao moto wa jiko. Wafadhili, tulipoomba pompi ya kupuliza tulisahau maski za chujio. Leo tunaziomba.

Na ule mlango? Vijana waliurudia kwa namna hii, bila kuomba feza juu yake. Mwenye gari aliuangalia juani, akazunguka mara mbili, akalipa. Kopo la pili bado ni deni kwa sanduku. Kijana mmoja alitaka kuacha kazi kwa aibu. Leo ni yeye anayeshika kipande cha bati. Muuliziane naye, atawaonyesha.