Kifuniko Kinachowashinda Wazee

Katika mji wetu wa Kindu, ambao dawa huufikia kwa ndege, kwa reli au kwa Mto Lualaba baada ya safari ndefu, yasikitisha mno kumwona mzee aliyeipata dawa yake kwa taabu na gharama akishindwa na kifuniko. Chupa hutaka kifuniko kikandamizwe na kuzungushwa kwa wakati mmoja, ilhali kidole gumba kilichoshikwa na baridi yabisi hakina nguvu ya kuyatenda mawili hayo pamoja. Basi huletwa kisu, au meno, na aghalabu mkono huumia.

Kifuniko hicho alikibuni daktari Henri Breault wa Windsor, Kanada, mnamo 1967, kwa madhumuni mema ya kuwahifadhi watoto na sumu, na mwaka 1970 Marekani ikaitungia kinga hiyo sheria. Lakini sheria hiyo hiyo humruhusu mgonjwa kuomba chombo chepesi kufunguka. Kwetu, mzee akiisha kukifungua kifuniko huiacha chupa wazi, vidonge vikaingiwa na unyevu, na mjukuu akavifikia.

Kopo la sadini nalo lina mateso yake kulifungua, ila kukosa kitoweo si sawa na kukosa dawa ya shinikizo la damu. Nawasihi wenye maduka ya dawa wamwulize kila mzee, kabla hajaondoka, kama aweza kukifungua kifuniko mwenyewe. Asipoweza, wamtilie vidonge katika chombo kingine, chenye jina la dawa na kipimo chake, na wamhimize akiweke juu, mbali na watoto.